Dhamana ya Mpitishaji: Juu ya Barua Taka katika Seva Isiyo na Sanduku

Mhadhara uliotolewa Murungu, wilayani Kibondo, mbele ya walimu, watumishi wa halmashauri na viongozi wa vyama vya ushirika wa Kibondo na Kasulu

 Natanguliza shukrani zangu kwa kamati iliyonialika na kwenu mliokuja, nami nazitoa kwa taadhima, kwani si jambo dogo kwa watu wenye mashamba ya maharage yanayongoja palizi kuyaacha na kuja kuketi ukumbini kusikiliza habari za mashine wasizoziona. Nitajitahidi kusema mambo yenye manufaa. Na pale ulimi wangu utakapoteleza katika istilahi ngumu, nawaomba mninyooshee mkono bila ya haya.

Muradi wa mhadhara huu ni mmoja. Nataka kueleza namna ya kuzuia barua taka katika seva ambayo kazi yake ni kupokea barua pepe na kuipitisha kwingine pasipo kuiweka. Na ninakusudia kuthibitisha ya kwamba mpitishaji huyo, ijapokuwa hakuiandika barua wala hataisoma, huhesabiwa kuwa mdhamini wake, na kwa sababu hiyo hana budi kuamua kuikubali au kuikataa pale mlangoni, kabla haijaingia mikononi mwake. Nimeyapanga maneno yangu katika hoja tano.

Hoja ya kwanza: Mpitishaji ni nani

Taasisi zetu ndogo za nyanda hizi, kama vile shule ya sekondari, chama cha wakulima wa kahawa, au asasi inayohudumia wakimbizi, zina njia ya kusajili jina lao chini ya kikoa cha taifa cha .tz, ambapo shule hupata .sc.tz, asasi .or.tz na makampuni .co.tz, na jina la namna hiyo huwa na heshima mbele ya mzazi au mfadhili kuliko anwani ya Gmail yenye tarakimu nne mkiani. Lakini kuweka seva yenye masanduku ya barua, na diski, na nakala za akiba, na mtu wa kuiangalia, ni gharama. Basi hufanywa njia ya mkato: anwani za mkuu wa shule, mhasibu na mwalimu wa taaluma huandikwa katika jedwali dogo, na kila barua inayozijia hupelekwa moja kwa moja katika sanduku la Gmail au la Yahoo, ambalo mwenyewe hulifungua kwa simu yake.

Wazee mliomo humu mtakumbuka zama ambazo Sanduku la Posta la shule au la misheni lilikuwa sanduku la kijiji kizima, na barua ya kijana aliyekwenda kukata mkonge Tanga ilikuja kwa hisani ya Mwalimu Mkuu, naye akamkabidhi mtoto wa darasa la tatu aifikishe kwa mama wa kijana yule. Mwalimu hakuwa mwandishi wala mwandikiwa. Alikuwa mpitishaji, na kijiji kilimwamini kwa kuwa kilimjua. Seva ya kupitisha barua hufanya kazi ile ile, ila huifanya mbele ya watu wasioijua, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Wala upitishaji si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya moja kwa moja haijatufikia, barua pepe za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilisafiri kwa mtindo wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984: mashine moja huipigia simu nyingine, hukabidhi mzigo wa barua, hupokea mzigo mwingine, kisha hukata simu. Mtandao wa ESANET uliounganisha vyuo vikuu, na HealthNet uliowahudumia matabibu, ilitumia njia hiyo, na mlango mmoja mkubwa wa kutokea ulimwenguni ulikuwa GreenNet ya London. Kwa kuwa kila dakika ya simu ya kimataifa ililipiwa, barua ndefu isiyo na maana ilikuwa hasara ya fedha taslimu, na mpitishaji aliijua thamani ya kila alichokibeba. Leo kubeba kumekuwa rahisi mno hata hatuhisi uzito. Gharama haikuondoka, bali imehama kutoka katika ankara ya simu ikaingia katika sifa ya jina.

Hoja ya pili: Lawama huandikwa kwa jina la mkono wa mwisho

Barua taka ya kwanza inayojulikana ilipelekwa mwezi wa Mei 1978, pale Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya DEC, alipowaandikia watu wapatao mia nne wa mtandao wa ARPANET kuwatangazia kompyuta. Wote walijua nani wa kumlaumu. Ayari wa siku hizi hajitaji. Hujivika jina la benki, la posta, au la mwalimu mwenzako, na hutuma kwa mashine za watu wengine ambazo amezivamia pasipo wenyewe kujua.

Sasa tazameni linalotokea. Barua ya ayari inafika katika seva ya shule yetu, na seva kwa utiifu inaipeleka Gmail. Gmail haimwoni ayari. Inayoiona ni seva ya shule, kwa kuwa ndiyo iliyoizungumzisha, na nambari yake ndiyo iliyoandikwa daftarini. Zikija barua kumi za namna hiyo, kisha mia, Gmail huanza kuijibu seva ya shule kwa kuiambia ingoje, tena ingoje, na hatimaye huzitia barua zake zote katika kapu la taka; na katika hizo zote imo barua ya mzazi anayeuliza ada, na ya mfadhili anayeuliza stakabadhi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti: apelekaye barua nyingi, nayo Google huhesabu kuanzia 5,000 kwa siku, hutakiwa malalamiko dhidi yake yasifikie asilimia 0.3, na hata mdogo kabisa hutakiwa awe na uthibitisho wa jina lake.

Na malalamiko hayo hutoka wapi? Naomba hapa tusikilizane vizuri, kwa maana jambo hili huwashangaza wengi. Tuchukue mfano wa mwalimu wa taaluma aliyehamishwa kutoka Kibondo kwenda Mtwara. Jedwali halikufutwa, na barua za shule zinaendelea kumfuata katika sanduku lake binafsi. Yeye, akiwa amechoka nazo, hubonyeza kitufe cha kuripoti barua taka. Hana ubaya wowote moyoni, lakini kwa kidole chake amemshitaki mpitishaji, si ayari. Na hushitaki tena kila anapobonyeza. (Naona mwalimu mmoja pale nyuma anacheka, bila shaka kidole anacho.) Basi dawa ya kwanza haina ufundi wowote: siku mtu anapohama, anwani yake ifutwe au ihamishiwe kwa mrithi wake, na wapokeaji wote waambiwe ya kuwa taka iliyokuja kwa anwani ya ofisi waifute tu, kisha wamjulishe msimamizi.

Hoja ya tatu: Hukumu itolewe mlangoni

Mwenye seva yenye masanduku ana anasa ambayo mpitishaji hana: akiitilia shaka barua, huitupa katika kapu la taka, na mwenyewe akipenda huja kuitazama baadaye. Mpitishaji hana kapu. Barua ni ama ipite, ama irudi. Na ili irudi kwa haki, sharti irudi kabla haijapokewa.

Niwaonyesheni mazungumzo yenyewe. Seva ngeni hubisha hodi na kujitaja, yetu huitikia. Ngeni husema barua inatoka kwa fulani. Yetu hujibu 250, yaani vema. Ngeni husema inakwenda kwa mhasibu. Yetu hujibu tena 250. Ndipo ngeni inapoimwaga barua yote, kichwa na mwili, na ikiisha huweka nukta moja peke yake katika mstari wake. Baada ya nukta ile, na kabla ya jibu letu, upo muda mfupi ambao barua yote tunaiona nayo bado si yetu. Tukijibu 250, kanuni ya SMTP inatutwika dhamana: sharti tuifikishe, au tumwarifu mwenyewe kwamba tumeshindwa. Tukijibu kwa nambari inayoanza na 4, tumesema rudi baadaye. Tukijibu kwa inayoanza na 5, tumekataa, na mzigo umebaki mikononi mwa aliyeuleta.

Faida ya kukataa hapo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa mwandishi ni mtu wa kweli tuliyemdhania vibaya, seva yake mwenyewe humpa habari, naye hupiga simu ofisini. Ikiwa ni ayari, mashine yake huenda zake. Lakini aliyeipokea barua kwanza, kisha Gmail ikaikataa, atafanya nini? Seva yake huandika taarifa ya kushindwa na kuipeleka kwa jina lililoandikwa kwenye bahasha, nalo ni la kughushi. Na hivyo muuguzi mmoja wa Mwanza, ambaye hajui lolote, huamka na kukuta taarifa mia mbili za barua ambazo hakuziandika. Mpitishaji aliyekuwa mhasiriwa amegeuka kuwa mdhalimu, na orodha za kuzuia barua taka humwandika hivyo. Ama kuifuta barua kimyakimya ni kuvunja ahadi ya 250, na siku barua ya haki itakapopotea hapatakuwa na wa kuulizwa.

Kwa hiyo ulinzi hupangwa kwa daraja, wa nafuu kwanza na wa gharama mwisho.

Daraja ya kwanza ni kukataa majina yasiyokuwamo katika jedwali. Ipo desturi ya kupokea barua ya jina lolote lililotangulia kikoa, kwa hofu ya kumkosa mzazi aliyekosea herufi. Desturi hiyo iachwe leo hii, maana mashine za maayari hujaribu majina kwa maelfu, na kila jina lililopokewa ni barua nyingine ya kupelekwa Gmail kwa jina lenu.

Daraja ya pili ni kuuliza orodha za nambari za seva zenye sifa mbaya, na mashuhuri ni ile ya Spamhaus, iliyoasisiwa na Steve Linford mwaka 1998. Hapa kuna mtego. Spamhaus haijibu maswali yanayopitia kwenye seva za umma za DNS, yaani zile zinazotafsiri majina ya mtandao kuwa nambari, mfano ile ya Google ya 8.8.8.8, bali hurudisha msimbo wa kosa, 127.255.255.254, na seva iliyoandaliwa kwa pupa husoma msimbo huo kana kwamba ni hukumu, ikakataa barua za dunia nzima. Sharti seva iwe na DNS yake yenyewe, na isomeshwe kutofautisha kosa na hukumu.

Daraja ya tatu ni kumwambia mgeni asiyejulikana arudi baada ya dakika chache, mbinu iliyoelezwa na Evan Harris mwaka 2003. Seva ya kweli hurudi. Mashine nyingi za maayari hazina subira hiyo. Ila mbinu hii huchelewesha barua zenye msimbo wa kuingilia benki, na msimbo wa dakika tano ukifika baada ya kumi ni hasara. Basi itumiwe kwa wanaoshukiwa tu.

Daraja ya nne ni kupima maneno ya barua yenyewe kabla ya kuijibu ile nukta, kwa programu kama SpamAssassin au Rspamd. SpamAssassin hutoa alama, na alama 5 ndiyo kawaida yake ya kuiita barua taka. Mpitishaji na aanze kukataa kwa alama ya juu zaidi, asome kumbukumbu za seva kwa majuma kadhaa, kisha ateremke polepole. Tukumbuke pia ya kuwa kanuni za programu hizi zimeandikwa zaidi kwa maneno ya Kiingereza. Ujumbe wa mtindo ule mnaoujua nyote, wa kusema ile hela itume kwenye namba hii, ukija kwa Kiswahili chake safi utapita bila kuguswa. Dawa ni kuifundisha programu kwa mifano, kama alivyopendekeza Paul Graham mwaka 2002. Lakini mpitishaji hana sanduku la kuchukulia mifano, kwa hiyo itengwe anwani moja ambayo wapokeaji wataipelekea taka za Kiswahili wanazozipata, na wao wenyewe wakiridhia.

Nimeulizwa kabla ya kuingia ukumbini: je, mtandao ukikatika huku kwetu, barua hazitapotea? La, hazipotei upesi. Seva inayotuma hungoja na kujaribu tena, na kanuni inataka ijaribu kwa siku nne au tano. Basi msidanganyike kuweka seva ya pili ya akiba yenye ulinzi hafifu; maayari huifuata hiyo kwanza, kwa kuwa wanajua ya kwamba seva ya kwanza itaiamini.

Hoja ya nne: Bahasha ibadilishwe, muhuri usiguswe

Barua pepe ina bahasha na ina kichwa, na majina ya mtumaji katika viwili hivyo si lazima yalingane. Kanuni ya SPF, iliyotangazwa mwaka 2006 na kurekebishwa 2014, hutazama bahasha: mwenye kikoa hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Tunapopitisha barua ya benki kwenda Gmail kwa bahasha yake ya asili, Gmail huikuta seva ya shule ikitumia jina la benki, nayo haimo katika tangazo. Barua ya haki inaonekana ya kughushi. Ndiyo sababu mpitishaji hubadilisha bahasha kwa utaratibu uitwao SRS: jina la asili huhifadhiwa ndani ya anwani mpya yenye kikoa cha shule, pamoja na alama ya siku na alama ya siri, ili barua ikirudishwa iweze kurejezwa kwa mwenyewe, wala mgeni asiweze kuitumia anwani hiyo kwa hila.

Lakini zingatieni maana ya tendo hilo. Anayeandika jina lake kwenye bahasha amejifanya mdhamini hadharani. Kwa hiyo SRS bila ya ulinzi wa mlangoni ni sawasawa na kuyatilia sahihi maneno ya maayari.

Uthibitisho wa pili, baada ya SPF, ni muhuri wa DKIM, unaotiwa na mwandishi juu ya mwili wa barua na sehemu za kichwa. Muhuri huu husafiri salama kupitia mikono mingi, maadamu hakuna aliyeigusa barua. Nao una uzito mkubwa, kwa kuwa kanuni ya DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015, hudai jina linaloonekana na msomaji lithibitishwe kwa SPF au kwa DKIM. Na kwa kuwa SRS imekwisha kuliweka jina la shule katika bahasha, uthibitisho uliobaki ni muhuri peke yake. Basi mpitishaji asiongeze neno TAKA katika mada ya barua, wala asibandike tangazo la mahafali chini yake. Kila herufi iliyoongezwa huvunja muhuri, na barua ya haki hukataliwa kwa sababu ya ukarimu wetu. Kuanzia mwaka 2019 upo pia utaratibu wa ARC, ambao kwa huo mpitishaji huandika aliyoyashuhudia barua ilipomfikia na kuutia ushahidi wake muhuri; ila shahidi huaminiwa kwa kadiri ya sifa yake, na hivyo tumerudi kwenye jina.

Hoja ya tano: Sheria na adabu

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza mambo matatu kwa mtu mwenye nia ya kutenda kosa: kuanzisha barua zisizoombwa, kuzipitisha, na kughushi vichwa vyake. Mpitishaji mwaminifu hana nia hiyo, na kubadilisha bahasha kwa SRS si kughushi kichwa. Hata hivyo yafaa tutafakari kwamba bunge letu limemweka apitishaye mstari mmoja na aanzishaye. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu kila anayekusanya na kuchakata habari za watu. Na barua ya mzazi yenye habari za ugonjwa wa mtoto, ikipitishwa katika sanduku binafsi lililo ng'ambo, haiachi kuwa amana ya shule.

Kwa upande wa simu tumekwisha kuzoea adabu njema: ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa nambari 15040, na wengi hapa wamefanya hivyo. Barua pepe inataka adabu hiyo hiyo, na mtu wa kwanza wa kuarifiwa ni msimamizi wa seva yenu, ambaye yafaa jina lake lijulikane na kila mwenye anwani.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, alhasili ni haya. Mpitishaji hubeba lawama ya anachokibeba; kwa hiyo na akatae mlangoni, asirudishe barua baada ya kuipokea, abadilishe bahasha, asiguse muhuri, na alisafishe jedwali lake kila watu wanapohama. Kwa wale wanaoshika fedha na siri za watu, yaani mkuu na mhasibu, ushauri wangu ni kuwapa sanduku la kweli katika seva ya taasisi, walifungue kwa simu zao pasipo kupitisha chochote. Na upitishaji ubaki kwa anwani chache zisizo na hatari.

Mambo nayo hayasimami. Wahandisi wa IETF, wanaotunza kanuni za barua pepe, wamekwisha kuanza kuandaa muhuri mpya uitwao DKIM2, ambao kusudi lake ni kila mkono uliopitisha barua uandikwe na kutiwa sahihi, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya, hata ikijulikana wazi nani ameandika na nani amebeba. Siku utaratibu huo utakapoenea, mpitishaji mwaminifu atapata wa kumtetea, na mzembe hatakuwa na pa kujificha. Maandalizi yake hayahitaji kungoja. Napendekeza kwamba shule na vyama vya Kibondo na Kasulu vishirikiane kuweka seva moja iliyolindwa vema badala ya kumi zilizoachwa ovyo. Kwamba vijana wetu wanaohitimu vyuoni wapewe kuitunza, na wafundishwe kusoma kumbukumbu zake kila asubuhi. Na kwamba kikao kijacho cha wakuu wa taasisi kianze kwa kila mmoja kuleta jedwali lake la anwani, lisomwe kwa sauti, na kila jina lisilo na mwenyewe lifutwe papo hapo.